Oili ya Baba Bado Imo

Nemba, 9 Juni 2024

Mwanangu Irambona,
Salamu nyingi. Hapa tu wazima, isipokuwa baridi ya asubuhi. Wewe na masomo ya ufundi huko Mwanza mnaendeleaje?

Mashine ya kusaga ya marehemu baba yako inagoma kuwaka alfajiri. Ikikubali, inagonga kama mtu anayepigapiga debe, halafu ikipata joto inatulia. Fundi Evaristi ananicheka: "Mama Irambona, hii inakohoa kuliko kwaya ya wazee!"

Kule mjini Nyakanazi wanauza dawa za kuongeza kwenye oili, makopo ya kila rangi. Nichague ipi?

Mama yako

Mwanza, 16 Juni

Shikamoo mama,
Mimi mzima, ila mitihani imekaribia. Usinunue ile nzito ya kuzuia moshi. Kwenye baridi, oili nzito huchelewa kupanda, na vyuma husagana vikavu mpaka ifike. Hapo ndipo injini inapolika. Nakutumia kwa basi ile inayoacha utando kwenye chuma.

Lakini mama, kwanza mwaga oili ya zamani. Dawa haifufui oili iliyochoka.

Mwanao

Nemba, 30 Juni

Mwanangu,
U mzima? Kikopo kimefika. Nimekimimina juu ya oili ileile. Usinikasirikie. Aliitia baba yako kwa mkono wake, wiki ile aliyofariki. Kwetu, alichoacha marehemu hakimwagwi kabla familia haijaketi pamoja kumaliza msiba. Unangojwa wewe tu, na tumeahirisha mara mbili. Shangazi yako Yuster anauliza, "Huyo msomi atakuja mwenyewe, au atatuma vikopo?"

Njoo, hata siku moja.

Mama yako

Mwanza, 5 Julai

Shikamoo mama,
Mitihani imekwisha. Si mitihani inayonizuia. Tukiketi kumaliza, baba atakuwa amekufa kweli. Huku bado namsikia akiitukana mashine kwa Kirundi.

Nakutumia kikopo kingine, bora zaidi. Zungusha hendeli taratibu kabla ya kuwasha, oili ipande.

Mwanao

Nemba, 21 Julai

Mwanangu,
Natumaini unakula vizuri. Kikopo cha pili nimekiweka kabatini. Jana alfajiri nilizungusha hendeli taratibu, kama ulivyosema. Ikaenda nusu mzunguko, ikakaza kabisa. Evaristi naye akajaribu. Hakutania.

Wanawake wanapita na mahindi yao kwenda kusaga kwingine. Wananisalimu kwa sauti ndogo, kama siku ile ya mazishi.

Oili ya baba yako bado imo. Beseni la kuimwagia nimeshaliweka chini ya mashine; unangojwa wewe.

Mama yako