Puti Juu ya Kutu ya Lori Lako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeolewa, baba. Ni wiki ya tatu sasa, na neno "mume wangu" bado nalitamka hata pasipo sababu, ili tu nilisikie. Ni yule yule Mhaya uliyemtazama mikono ukamuuliza, "Wewe na viganja hivi vya karani, umewahi kushika spana?" Nampenda hadi naona haya kukusimulia. Lakini leo nakuandikia kwa kinyaa.

Ni lile lori lako kuukuu la jeshi. Ulilitoa mnadani likivutwa, ukaliegesha kati ya mawe ya uani kwetu Ilemela, ukalipaka kijivu ili lifanane nayo. Kila Jumapili baada ya misa ulivua shati jeupe ukaingia chini yake na brashi yako ya waya. Mama akikuletea uji alisema, "Mpe na mke mwenzangu." Siku uliyonikuta napaka rangi juu ya kutu ili niwahi kucheza, ulininyang'anya brashi. "Kutu haipakwi, mama. Inakwanguliwa mpaka chuma kicheke."

Uliahidi kwamba lori hilo ndilo lingenipeleka kanisani. Ulipotutoka, baba mdogo akasema kazi ya kulitengeneza aachiwe yeye. Siku ya harusi akalileta limepakwa rangi ya dhahabu, linawaka kama jino la bandia. "Bibi harusi hapandi jiwe," alisema, na watu wakapiga vigelegele. Niliionea kinyaa rangi ile, baba. Hata hivyo nilipiga goti nikamshukuru, nikatabasamu katika kila picha.

Jumamosi iliyopita mume wangu aliegemea mlango wa lori, kiganja kikazama ndani. Chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia matundu, na nyuma ya puti magazeti yaliyolowa, meusi, yananuka kama panya aliyefia darini. Mende wakamwagika miguuni petu. Nilitapika kando ya gurudumu. Tulipogonga sakafu na ubavu, kote palikuwa hivyo hivyo: karatasi zimeshindiliwa badala ya bati.

Nilimpigia simu baba mdogo. Hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu, harusi si ilikuwa siku moja? Ulitaka lidumu hadi lini? Likatwe tu, liwe chuma chakavu."

Maneno hayo yalinitia kinyaa kuliko mende. Nilikata simu bila kuaga, nisamehe.

Nilipogeuka, mume wangu alikuwa amekwisha kuvua shati. Ameshika ile brashi yako ya waya.

"Tukikwangua yatabaki matundu matupu," alisema.

"Yabaki."

Jioni viganja vyake vya karani vilikuwa na malengelenge. Nilivibusu kimoja kimoja, vinanuka kutu, vinanuka wewe. Halikatwi, baba. Litachukua Jumapili nyingi, nasi tunazo. Na pale mlangoni, mahali padogo kama kiganja, chuma kimeanza kucheka.

Pumzika, baba.

Binti yako uliyemnyang'anya brashi