Taa Ulizozifunga Juu Sana

Baba,

Siandiki hujambo, maana najua jibu halitakuja. Arobaini yako tumeisoma Ijumaa iliyopita hapa Busia, pilau ikatosha na watu wakapata ya kubeba. Mama sasa anakula. Ngazi yako ninayo mimi, koleo lako ninalo mimi, na watu wakisema mwanamke hapandi ngazi nawaambia waishike vizuri nisianguke.

Ila nimekaa kuandika kwa sababu ya zile taa za Tororo.

Unalikumbuka tangi la kioo la meneja wa hoteli, pale karibu na stesheni. Mzungu mzima anasafirisha maji ya bahari kwa treni kutoka Mombasa, madebe kwa madebe, ili samaki wa rangi waogelee kwenye chumba cha kulia, na ziwa letu liko palepale chini ya kijiji cha Lumino! Tulicheka njia nzima. Ulipanda, nikakushikia ngazi, ukazifunga globu nne juu kabisa, karibu na dari, ukaniambia, "Mwajuma, waya na maji ya chumvi ni wake wenza. Usiwaweke jirani." Nikaona hakuna fundi kama wewe.

Mvua zilipoanza, samaki wakafa. Wewe ulikuwa umeshashikwa na homa, huinuki mkekani. Meneja akatuma mtu kuuliza kama kilichowaua ni taa, ukajibu kwamba ni Owor, yule mhudumu wa mezani, anawalisha kupita kiasi. Jibu hilo nililipeleka mimi, Baba. Nililisema nimesimama wima, Owor ananitazama na sinia mkononi. Akafukuzwa siku ileile, akarudi kwao Mulanda kwa miguu. Wiki iliyofuata tukakuzika.

Wiki ya tatu baada ya mazishi meneja akaniita nibadilishe globu moja. Alikuwa ameleta samaki wapya, na wawili walikuwa wameshakufa, ilhali Owor hakuwapo wa kulaumiwa. Nikapanda. Mvua ilikuwa imekatika, jua linazama, madirisha yako wazi. Nikawasha nijaribu. Baba, waliingia kumbikumbi! Wanazunguka taa, wanaanguka majini, mabawa yanaelea, wengine wanazama nyuma ya mawe na huko ndiko wanakooza. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitutundikia karabai juu ya beseni la maji uani ili tuwakamate, na hotelini ukafanya vilevile bila kujua: taa juu, mwanga unafika hadi barabarani, maji chini yake. Tumewala tangu utoto. Nani kati yetu angewaita uchafu?

Nilishuka. Nilikukasirikia, Baba, kuliko siku zote za uhai wako. Halafu nikamkumbuka yule binti aliyesimama wima, yaani mimi.

Baba mdogo alisema ninyamaze. Nirekebishe taa kimyakimya, jina lako libaki safi, kazi zetu ziendelee, Owor atapata pa kwenda. Nilikataa. Asubuhi nikaenda Mulanda. Owor alikuwa akipalilia mihogo, na hakuniambia karibu. Nilimweleza yote, hata lile la kusimama wima. Aliegemea jembe, kisha akacheka mpaka akaketi chini. "Kumbe nyinyi natega kumbikumbi ndani ya hoteli! Mimi natoa ile inaelea kila asubuhi, nakula. Iko na chumvi tayari." Hakuwahi kumwambia meneja, aliogopa kuulizwa kwa nini anatia mkono kwenye tangi. Nami nikacheka, machozi yananitoka.

Nikamwendea meneja. Nikamwambia kosa ni la baba yangu, si la Owor, na kwamba sigusi taa tena mpaka Owor arudishwe. Akanionyesha mlango. Nikabeba ngazi nikatoka. Siku ya tatu akanitumia mtu: globu zimezimwa, tangi giza, wageni wako njiani, na Owor ameshaitwa.

Nimezishusha, Baba. Ziko shubiri mbili tu kutoka kwenye maji. Nimekata debe nikazitengenezea kofia ya bati ili mwanga usitoke nje, na chini yake nimelaza kioo cha kuzuia chumvi isirukie waya. Wake wenza wako wanakaa jirani na bado hawajagombana. Leo ni wiki ya tatu, hajafa samaki hata mmoja.

Sokoni wanasema nimemwaibisha marehemu. Wateja wawili wamehamia kwa fundi mwingine. Ila Mama jana alinifulia gauni la kazi bila kuombwa.

Siku aliyorudi kazini, Owor aliniuliza: wewe, Baba, ungekuwa hai, ungefunga safari mpaka Mulanda kumwambia? Nikajibu ndiyo, papo hapo. Sijui, Baba. Ulikuwa mbishi, nakujua. Lakini jibu nimeshalitoa kwa jina lako na siwezi kulirudisha.

Basi pumzika. Mungu akupanulie kaburi na akusamehe, nami nimekusamehe. Kila nitakapokosea nitakwenda kusema mwenyewe, kwa miguu yangu, hata iwe mbali kiasi gani, mpaka lile jibu nililompa Owor liwe kweli.

Mwanao,
Mwajuma