Bega Nililolikataa

Binti yangu Editha,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu uhamie Kaniha, lakini naitikia hivyo hivyo, maana nimechoka kungoja.

Barua hii sikuitia bahasha. Aliyeibeba akitaka aisome, na watu wa huko waisome. Nilikuaibisha mbele ya watu, na mimi nisomwe mbele ya watu. Nimeiandika kwa mkono wangu siku tatu, kwa elimu yangu hii hii ya darasa la pili.

Unanijua. Hapa Nyamiaga hakuna aliyebeba kahawa kama mimi. Gunia zima, mpaka Ngara juu, bila kutua. Waulize wazee waliobaki. Ndiyo maana ulipochukua lile bomba la maji, ukaligandishia makopo ya saruji huku na huku, ukawa unalinyanyua nyuma ya jiko, niliona kama unaniibia kitu changu.

"Utaota ndevu," nikakuambia. "Nani atakuoa? Gunia?"

"Afadhali gunia, baba. Halifoki."

Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Editha, hayo mabega kayatoa wapi kama si kwako?" Nilifurahi kidogo, ila sikuonyesha.

Halafu ile asubuhi ya mvua. Mama yako kazidiwa, pikipiki zimeshindwa na tope la mteremko wetu, gari linangoja barabarani. Machela iko tayari, wanaume tuko watatu tu. Ukaingiza bega lako pembe ya nne.

"Toa bega," nikasema. "Kwetu mwanamke habebi machela. Watu watasema kwangu wanaume wamekwisha."

"Baba, mama anakufa."

"Toa!"

Ukatoa. Tukamngoja jirani atoke shambani. Ulisimama umemshikia mama yako mwavuli, kwa mikono ile ile ya kunyanyua bomba. Hospitali wakauliza mbona tumechelewa. Nikasema mvua. Ukanitazama. Tulipomzika nikasema mvua, kwenye matanga nikasema mvua, na mpaka juzi nilikuwa nasema mvua.

Haikuwa mvua. Tulikuwa tunangoja mwanamume.

Juzi mke wa jirani alinionyesha video yako kwenye simu yake. Umeinua chuma juu ya kichwa, watu wanapiga kelele, wanataja jina lako. Ile nguo ya kubana sijaikubali, tusidanganyane. Lakini nimetazama mara nne, na kila ulipokitua kile chuma nilimwona mama yako amelala kwenye machela, analowa hata chini ya mwavuli. Sina raha, mwanangu. Bomba lako bado liko nyuma ya jiko. Nimejaribu kulinyanyua, likakataa. Ni mgongo huu, si uzito.

Msamaha siombi, naogopa utakavyojibu. Naomba kitu kimoja. Siku yangu ikifika, hata mvua inyeshe, wasingoje mtu. Pembe ya mbele ya machela, kulia, ni yako. Wanaume wa hapa nimeshawaambia. Mmoja akaguna, "Mzee, mwanamke?" Nikamjibu, wewe unayetua gunia kila kona, nyamaza.

Ila ukiweza njoo kabla, ningali na pumzi ya kuitikia.

Baba yako,
aliyekuambia utoe bega