Alama T-38

Wichita, 9 Oktoba 1951

Dada mpendwa Adelia,

Kwanza funga mlango. Neno lolote la barua hii usimwambie mtu ila yule nitakayekutajia. Hujambo? Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima wa mwili, ila chakula hakipiti.

Umesikia habari za Orville Tackett, anayesakwa tangu Jumatano iliyopita kwa kumuua mlinzi wa duka la vito. Polisi waliokota shati lenye damu, na ndani ya ukosi ilikuwapo alama ya wino, kama tunayompa kila mteja hapa kwa dobi ninakofanya kazi: T-38. Sajini Brandt alilileta kaunta kwangu. Nikafungua daftari, nikamwambia T-38 ni Tackett. Akanipiga begani, akasema laiti makarani wote wangekuwa kama mimi.

Tackett aliwahi kufungwa, kwa hiyo aliposikia jina lake redioni alikimbia. Wanamfuata na mbwa. Ameonekana Salina, kisha Concordia. Sasa yumo kwenye mashamba ya mahindi, na askari wameambiwa wakimwona wapige risasi.

Dada, Tackett hakuua, nami nilijua. Alihama mwaka jana. Kwetu alama ya mteja aliyeondoka haitolewi tena kwa miaka mitano. Mwezi wa Agosti foleni ilikuwa ndefu, nikampa mteja mpya, Bwana Rusk, alama hiyo hiyo. Niliiandika kwenye kadi yake tu; daftari nikasema nitalijaza kesho, na sikulijaza. Sajini aliponiuliza, Rusk alikuwa nyuma yake, akingoja mashati, akinitazama.

Jana mchana alirudi. Alinifunga kifungo cha shingo, taratibu, akasema, “Kijana, umekonda. Ile kadi yangu bado unayo? Kesho nitaipitia.” Leo nimetokea mlango wa nyuma. Naandika nikiwa kituo cha basi.

Kadi imo humu, na sahihi yake. Mpe sherifu wa Topeka mkononi, saa hii hii, kabla hujavua aproni. Mama msalimie tu.

Usiandike kwangu. Tackett akipatikana hai, tangaza katika gazeti la Jumapili, kwenye vitu vilivyopotea, kwamba paka wa kijivu ameonekana. Wakiwa wamekwisha kumuua, tangaza kwamba paka amekufa. Liwe lolote, nitapiga simu dukani kwa Bi Hulda Jumatatu, saa nne asubuhi; uwepo hapo. Liwe lolote, nitarudi kusema ukweli wote.

Mdogo wako,
Wendell