Nyumba Yetu ya Oli Imehamia Abuku

Mpendwa Baba Ayikoru,

Nakuandikia nikiwa Abuku, wilayani Koboko, kwa mama yako. Nyumba yetu ya mtaa wa Oli, kule mjini, nimeihamishia huku.

Unakumbuka tulivyoijenga? Mimi nilichora ramani, wewe ukaranda mbao za mtiki. Nilikataa misumari, kila ukuta tuliufunga kwa bolti, ili siku moja uweze kufunguliwa bila kupasuka. Majirani walicheka. Wewe ukawajibu, "Town iko nakua. Barabara ikikuja, sisi tunabeba nyumba yetu."

Barabara ilikuja, ila wewe hukuwepo. Uliugua muda mrefu katika chumba cha nyuma, ukafia humo mkono wako ukiwa mkononi mwangu. Baada ya mazishi nilikifunga, sikuingia tena. Tulipoambiwa tupishe barabara, mdogo wako alinishauri niuze mbao zote. "Shemeji, nyumba iko na kifo ndani, unabeba ya nini?" Nilikaribia kukubali. Nilitamani mtu aje aibomoe mimi nisiwepo.

Lakini mafundi walipofika, nilichukua spana mwenyewe. Bolti za chumba chako zilikuwa zimeshika kutu. Nilizimwagia mafuta, nikavuta hadi viganja vikachubuka. Ukuta ulipoachia, jua likaingia mpaka pale kitanda chako kilipokuwa. Nililia kwa sauti. Mafundi wakaweka vifaa chini.

Huku Abuku nilianza kuisimamisha kama ilivyokuwa. Mama yako akanishika mkono. "Binti yangu, ile chumba ya mutoto yangu usirudishe. Acha wazi, watu wakae."

Nikachora upya. Mbao ni zile zile, hatukutupa hata moja, ila chumba chako sasa ni baraza pana. Jana nilikaa hapo na wanawake wa jirani tukimenya karanga, na binti yetu akasinzia sakafuni katikati yetu.

Sijapona, mume wangu. Nikichora nyumba ya mtu, bado nageuka kukuuliza unene wa mbao. Lakini jana niliketi juu ya sakafu ile ile ya chumba ulimokata roho, mtu akasema neno la kuchekesha, nami nikacheka. Nilishtuka kujisikia nikicheka. Kisha nikaendelea kumenya karanga.

Pumzika sasa. Hapa tupo.

Mkeo,
Mama Ayikoru