Aliyeunga Nyaya za Gari la Shule Hakuwa Dereva

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: kwa shangazi yake, mshona nguo, nyuma ya soko
Aliyefuatana naye: shangazi huyo

Mnamo Jumatatu, tarehe 9 mwezi huu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa maktaba ya shule. Ufunguo nilikuwa nautunza mimi. Dirisha linatazama maegesho, umbali wa hatua kumi. Sikuwa nachungulia. Nilikuwa nasoma, nikasikia gari la shule likilia tik, tik, tik bila kuwaka.

Ndani yake alikuwa mwalimu wa nidhamu. Dereva hufika saa moja. Mwalimu alisogeza gari lake mwenyewe, akafungua boneti zote mbili, akatoa chini ya kiti cha dereva wa gari la shule nyaya za kuazimia umeme wa betri.

Nyaya hizo shule nzima inazijua. Ni kuukuu, na vibanio vyote vinne ni vyeusi. Dereva alikuwa amefunga utepe mwekundu wa timu ya mbio kwenye waya wa chanya, kila upande, ili asikosee. Ijumaa, kwenye ukaguzi, mwalimu wa nidhamu aliukata kwa mkasi mbele yetu. Alisema, "Hili ni gari la shule, si bibi harusi." Tulicheka. Mimi pia nilicheka, na nalisema hilo ingawa sikuulizwa.

Jumatatu mwalimu alizigeuzageuza nyaya mkononi, kisha akaziunga. Alipobana kibanio cha mwisho, cheche ziliruka. Honi ikalia yenyewe. Vifuta kioo vikapanda, vikasimama katikati. Kisha kila kitu kikazima. Harufu ya plastiki iliyoungua ilifika dirishani. Alizichomoa, akazirudisha chini ya kiti, akaliondoa gari lake.

Dereva alifika saa moja na dakika tano. Alizungusha ufunguo, hakuna kitu. Alichukua taa yake ndogo ya kupimia. Kwenye betri iliwaka kwa unyonge, kwenye sanduku la fyuzi haikuwaka kabisa. Alichomoa fyuzi kubwa, akainyanyua kwenye mwanga, akaniona.

"Mwanangu wa vitabu," alisema, "hii imekufa kishujaa. Mtu kaunga chanya kwenye hasi. Umemwona nani hapa?"

Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yake. Nikasema sijaona mtu. Huo ulikuwa uongo, na leo naufuta.

Mwalimu alimwambia dereva, "Umeliharibu makusudi kwa sababu nilikunyima likizo."

Dereva akajibu, "Mwalimu, nani anachoma sufuria anayopikia?"

Saa tatu askari walimchukua.

Saa nne mwalimu aliniita ofisini. Alisema, "Wewe ni mtoto mpole. Watoto wapole hawaoni mambo ya wakubwa." Akaniomba ufunguo wa maktaba. Nilimpa. Nilisema, "Ndiyo, mwalimu," kwa mazoea.

Jioni nilimweleza shangazi. Alisimamisha cherehani. "Upole si upofu," alisema. "Kesho huendi shule, tunakwenda kituoni."

Afisa ameniuliza kama kwa umbali ule ningeweza kukosea mtu. Nimeadhibiwa na mwalimu yule mara mbili, namjua hata kwa kisogo. Ameniuliza pia kama najua maana ya kumtaja mwalimu wangu. Najua. Kesho nitakuwa darasani kwake, kiti cha mbele, na anaweza kunifanya lolote. Lakini dereva amelala hapa sakafuni usiku mmoja kwa kosa lisilo lake. Tangu nianze kusema namsikia akikohoa.

Nimesomewa yote niliyosema. Kwenye habari za cheche nimekuta neno "nadhani". Sikulisema. Lifutwe. Niliona.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Sahihi ya shangazi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa Jumanne, tarehe 10, saa tatu na nusu asubuhi. Neno lililolalamikiwa limefutwa mbele ya shahidi. Shahidi alishauriwa apumzike nyumbani siku chache, akakataa. Mwalimu wa nidhamu ameitwa kufika kituoni leo saa nane mchana. Dereva ametolewa mahabusu saa nne kasoro dakika tano. Shahidi aliomba kusubiri hadi amwone akitoka, nikamruhusu.