Gia Ndogo ya Datsun ya Babu

Tegeta, Jumamosi

Kaka Azan,

Assalaam alaykum. Kabla sijakuuliza hali, kuna jambo sijamwambia mtu: tangu uende JKT, kila baba akienda dukani Kawe, mie nalifungua gari la babu. Haya, hujambo? Sie wazima. Mama anauliza kama huko kambini mnakula mkashiba.

Mshale wa spidi ulianza kutetemeka, kisha ukalala kwenye sifuri. Baba akamwita fundi Venance, akabadilisha waya wa spidi. Mshale haukuamka. Baba akasema basi Venance ndiye kaharibu huko ndani, akafanyie majaribio magari ya kwao. Venance akacheka, akasema mzee, kwetu hata baiskeli hakuna. Baba hakucheka. Kampiga marufuku hapa nyumbani, na msikitini anamsema. Wateja wawili wameshahamisha magari yao kutoka gereji kwake.

Unanijua, mbele ya watu sauti hunikauka. Lakini chini ya gari sibabaiki. Kile kitabu cha Kiingereza cha ufundi wa gari kilichokuwa kwenye buti nimekisoma chote. Nilichomoa waya mpya pande zote mbili, ukazunguka laini. Spidomita nikaizungusha kwa vidole, ngumu! Imejaa grisi. Nikaweka matofali, nikainua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, nikalizungusha. Pale waya unapoingia kwenye giaboksi, hakizunguki kitu. Nikaichomoa ile gia ndogo ya plastiki inayouzungusha waya: meno yamelika kama muwa uliotafunwa. Nina hakika kabisa. Spidomita iligoma, waya ukakaza, gia ikasagika. Venance hana kosa.

Kaka, grisi ile niliipaka mie. Nilisikia waya wa zamani unalia, nikaujaza mpaka ikafurika, nikidhani ndiyo kuutunza. Ikapanda juu hadi kwenye spidomita. Venance alipouchomoa waya aliniuliza taratibu kama namjua aliyepaka. Nikasema simjui. Akatazama kucha zangu, akaendelea na kazi. Na baba alipomfokea, hakunitaja.

Nasikia kandambili za baba koridoni. Siifuniki karatasi hii. Kwa mdomo sitaweza, basi asome, kisha nitamwomba tuongozane hadi kwa Venance, na msikitini amsafishe mbele ya watu vilevile alivyomsema mwanzo. Barua ikikufikia imekunjamana, ujue ilipita mikononi mwake kwanza.

Wasalimie wenzako wote kambini. Mama anakuombea.

Mdogo wako,
Khulud